Panya, Sumaku na Degedege: Namna Picha za MRI Zilivyosaidia Kufahamu Kinachoua Watoto Katika Malaria ya Ubongo

Na Mwandishi Wetu

Mtoto aliyeshinda akicheza jana, leo asubuhi ana homa, mchana anakataa kula, na jioni anakakamaa, macho yamegeuka juu na povu linamtoka mdomoni. Katika maeneo mengi ya nchi yetu hali hiyo huitwa degedege, na kwa miaka mingi imekuwa ikihusishwa na ndege apitaye usiku, pepo au jicho baya. Wapo wazazi ambao hadi leo huanzia kwa mganga, mtoto akafukizwa na kupakwa dawa, na zahanati ikawa kituo cha mwisho badala ya kuwa cha kwanza. Degedege huweza kusababishwa na mambo mengi, ikiwamo homa ya kawaida na maambukizi ya utando wa ubongo. Hata hivyo, mtoto anayepoteza fahamu na asizinduke, huku damu yake ikiwa na vimelea vya malaria, huingizwa katika kundi la wagonjwa wa malaria ya ubongo, ambayo ni miongoni mwa sura mbaya zaidi za malaria kali.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 malaria ilisababisha vifo vya watu wapatao 597,000 duniani. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika Kanda ya Afrika, na takriban robo tatu ya waliofariki katika kanda hiyo walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Pamoja na ukubwa wa tatizo hilo, swali moja lilibaki bila jibu la kuridhisha kwa zaidi ya karne nzima: ni nini hasa kinachomuua mtoto mwenye malaria ya ubongo? Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hubaki ndani ya mishipa. Hakipenyi kuingia katika nyama ya ubongo. Iweje basi ubongo uzime? Madaktari walikuwa na njia moja tu ya kutazama, nayo ni kumpasua marehemu. Uchunguzi wa maiti huonyesha mahali safari ilipoishia, lakini hauonyeshi njia iliyopitiwa.

Makala haya yanaeleza namna kundi la wanasayansi lisilofahamika sana kwa wananchi, yaani watafiti wanaopiga picha za MRI kwa wanyama wadogo wa maabara, lilivyochangia kulijibu swali hilo. Mahali ambapo kazi yao ilitiliwa shaka. Na namna hospitali moja ya nchi jirani ya Malawi ilivyokuja kuwa uwanja wa kuipima.

Sumaku, maji na redio

Watu wengi walioingia katika mashine ya MRI huikumbuka kwa mambo mawili: handaki jembamba na kelele kubwa. Kinachofanyika ndani yake ni hiki. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na kila chembe ya maji ina hidrojeni. Kiini cha hidrojeni hutenda mithili ya sumaku ndogo mno. Mtu anapowekwa ndani ya uga wenye nguvu wa sumaku, viini hivyo huelekea kujipanga kuufuata uga huo, na huzunguka kwa mwendo unaotegemea nguvu yake: takriban mizunguko milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja, tesla ikiwa ndiyo kipimo cha nguvu ya sumaku. Mwendo huo uko katika eneo la mawimbi ya redio. Mashine hutuma wimbi la redio linalolingana nao, viini vinayumba, kisha vinaporejea katika hali yake hutoa mawimbi hafifu ambayo mashine huyapokea na kompyuta kuyageuza kuwa picha. Maji yaliyomo katika misuli, katika mafuta na katika ubongo uliovimba hayarejei kwa kasi moja, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha weusi na weupe kwenye picha. Hakuna mionzi ya eksirei inayotumika.

Ni vyema ikafahamika kwamba katika teknolojia hii mnyama alitangulia na binadamu akafuata. Mwaka 1971, daktari Raymond Damadian wa Marekani alitangaza kwamba nyama ya saratani iliyotolewa kwa panya wa maabara ilitoa mawimbi yanayotofautiana na yale ya nyama yenye afya. Miaka miwili baadaye Paul Lauterbur, mwanakemia, alichapisha picha ya kwanza iliyotengenezwa kwa njia hiyo, nayo ilikuwa ya vibomba vidogo vya maji. Lauterbur na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003. Kuachwa nje kwa Damadian kulizua malalamiko makubwa wakati huo, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Mashine za hospitali huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3. Hata hiyo ndogo inazidi uga wa sumaku wa dunia, ule unaogeuza sindano ya dira, kwa zaidi ya mara 20,000. Mashine za kupigia picha panya wadogo wa maabara huwa na tesla 7, 9.4 au zaidi. Msomaji anaweza kushangaa kwa nini kiumbe kinachotoshea kwenye kiganja kihitaji sumaku kubwa kuliko mtu mzima. Sababu ni hesabu. Ubongo wa panya mdogo haufiki nusu gramu, ilhali wa mtu mzima una zaidi ya kilo moja. Ili sehemu zake zionekane, picha lazima igawanywe katika vipande vyenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita badala ya milimita moja inayotosha kwa binadamu. Kipande kilichopunguzwa mara kumi kwa urefu, mara kumi kwa upana na mara kumi kwa kina kina maji machache mara elfu moja, na sauti yake ya redio hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mtafiti hulazimika kuongeza nguvu ya sumaku, kusogeza kipokezi kiwe karibu kugusa fuvu la mnyama, na kurudia kipimo tena na tena hadi picha itulie.

Kazi yenyewe ilivyo

Mtafiti wa fani hii hutumia muda mwingi kumtunza mnyama kuliko kutazama picha. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi inayochanganywa na oksijeni na kupitishwa puani. Kichwa chake hushikizwa ili kisisogee hata kidogo, kwa kuwa mtikisiko ambao kwa binadamu usingeonekana, kwa panya huharibu picha nzima. Kifuani huwekwa kifaa cha kuhesabu pumzi, na chini yake hupitishwa maji ya moto kwa sababu mnyama mdogo aliyelala hupoteza joto upesi. Panya mwenye malaria ya ubongo ni mgumu zaidi, kwani ugonjwa wenyewe humshusha joto. Akiachwa apoe, mtiririko wa damu hubadilika na mtafiti hupima baridi akidhani anapima malaria.

Dawa ya usingizi nayo ina mtego wake. Baadhi ya dawa hizo hutanua mishipa ya damu ya ubongo. Kwa hiyo kila panya mgonjwa lazima alinganishwe na panya mzima aliyelazwa kwa dawa ileile, kwa kiwango kilekile na kwa muda uleule. Aidha, anayezipima picha inafaa asijue ni ipi ya mgonjwa na ipi ya mzima hadi atakapomaliza, ili macho yake yasione kile moyo unachotamani kukiona. Haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayotofautisha utafiti unaoaminika na picha nzuri tu.

Faida kubwa ya MRI katika hatua hii, ambayo wanasayansi huiita utafiti kabla ya majaribio kwa binadamu, ni kwamba mnyama yuleyule anaweza kupigwa picha siku ya tatu, ya tano na ya saba ya ugonjwa. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua ubongo una hali gani katika kila siku hizo alilazimika kuua kundi moja la wanyama kwa kila siku. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliweka misingi mitatu inayoongoza matumizi ya wanyama katika utafiti hadi leo: kutumia njia mbadala panapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Hapa nchini, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawagusa pia wanyama wanaotumika katika utafiti. Upigaji picha wa mara kwa mara unaitumikia misingi ya pili na ya tatu moja kwa moja.

Kilichoonekana Marseille na Heidelberg

Kimelea kinachowaua watoto wetu, Plasmodium falciparum, hakiwaambukizi panya. Watafiti hutumia ndugu yake, Plasmodium berghei, ambaye naye hamwambukizi binadamu. Asili ya kimelea hicho haiko mbali nasi: kiligunduliwa mwaka 1948 huko Katanga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kilikuwa kikiishi kwa panya wa porini. Kikiingizwa katika aina fulani za panya wa maabara, huwaletea ndani ya siku chache ugonjwa wa kupooza, mitetemo, kupoteza fahamu na kifo.

Mwaka 2005 Marie-France Penet na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walichapisha katika jarida la Journal of Neuroscience utafiti wa kwanza wa MRI uliofanyika kwa panya hai wenye ugonjwa huo. Hawakutosheka na aina moja ya picha. Walipiga picha za kuonyesha maji yaliyozidi katika ubongo, za kuonyesha jinsi maji hayo yanavyotembea kati ya seli, za kupima wingi wa damu inayofika, na za kuchora mishipa mikubwa. Vilevile walipima kemikali zilizomo katika ubongo bila kuufungua.

Walichokiona kilikuwa mnyororo wa matukio. Kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo, ambacho kwa kawaida huchuja kwa ukali kila kinachopita, kilikuwa kimevunjika. Maji yalivuja na ubongo ukavimba. Kwa kuwa fuvu ni sanduku la mfupa lisilotanuka, ubongo uliovimba ulianza kuikandamiza mishipa ileile inayouletea damu. Damu ikapungua, akiba ya nishati katika seli ikashuka na asidi ya laktiki ikapanda, dalili kwamba seli zinakosa oksijeni. Ubongo uliokosa damu ukazidi kuharibika. Watafiti hao walihitimisha kwamba katika panya, kuvimba kwa ubongo ndiko kunakobeba uzito mkubwa zaidi katika kusababisha kifo.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 2016, Angelika Hoffmann na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitumia mashine ya tesla 9.4 kufuatilia ugonjwa huo hatua kwa hatua. Waligundua kwamba uvimbe haukuanza kila mahali kwa pamoja. Ulianzia sehemu ya mbele kabisa ya ubongo inayoshughulika na harufu, ukafuata njia maalumu kuelekea ndani, na hatimaye ukafika katika shina la ubongo, mahali panapoongoza pumzi na mapigo ya moyo. Jambo la namna hii haliwezi kujulikana kwa kumpasua mnyama aliyekwisha kufa, kwa sababu wakati huo uvimbe umekwisha kuenea.

Je, panya anasema kweli?

Hata hivyo, katikati ya tafiti hizo mbili palizuka mabishano makali. Mwaka 2010 kundi la wataalamu mashuhuri wa malaria, akiwamo Nicholas White ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi nchini Thailand, waliandika kwamba ugonjwa wa panya haufanani vya kutosha na ule wa binadamu na unaweza kuwapoteza watafiti. Hoja yao haikuwa nyepesi. Kwa binadamu, kinachoonekana ndani ya mishipa midogo ya ubongo ni chembe nyekundu zilizobeba vimelea, zimejibana kwenye kuta za mishipa na kuziba njia. Kwa panya, zinazojazana zaidi ni chembe nyeupe, yaani askari wa mwili wenyewe. Kama chanzo si kimoja, walihoji, dawa itakayomponya panya itamfaaje mtoto?

Kwa maoni ya mwandishi, mabishano haya yanastahili kufahamika na wananchi, kwa kuwa kila mara tunasikia habari kwamba dawa fulani imeponya panya, kisha hatuisikii tena. Panya ni swali lililoulizwa vizuri. Jibu lazima litafutwe kwa binadamu.

Tatizo ni kwamba mashine za MRI ziko kwa wingi mahali ambapo watoto hawaugui malaria, na watoto wanaougua malaria wako mahali ambapo mashine hizo ni chache. Pengo hilo lilizibwa Blantyre.

Blantyre

Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, daktari Terrie Taylor wa Chuo Kikuu cha Michigan State alikuwa amewashughulikia watoto wenye malaria ya ubongo kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walikuwa tayari wametoa mchango mmoja mkubwa mwaka 2004, walipochunguza miili ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo na kubaini kwamba asilimia 23 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Kuwa na vimelea katika damu na kupoteza fahamu, kumbe, havitoshi kuthibitisha ugonjwa. Walichojifunza pia ni kwamba kutazama sehemu ya nyuma ya jicho, ambako malaria ya ubongo huacha alama zake, husaidia kutenganisha wagonjwa wa kweli na wengine.

Mwaka 2008 hospitali hiyo ilifungiwa mashine ya MRI, ya kwanza nchini humo. Nguvu yake ilikuwa tesla 0.35 tu, yaani panya wa Heidelberg alipigwa picha kwa sumaku yenye nguvu takriban mara 27 ya ile iliyotumika kwa watoto wa Blantyre. Mashine hiyo ndogo, hata hivyo, ilikuwa mahali panapostahili.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti walipiga picha watoto waliolazwa wakiwa hawana fahamu, na wale 168 waliotimiza vigezo vikali vya malaria ya ubongo wakaingizwa katika uchambuzi. Matokeo yalichapishwa mwezi Machi 2015 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 25 walifariki, sawa na asilimia 15. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba kwa kiwango kikubwa tangu walipolazwa. Miongoni mwa walionusurika 143, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39.

Takwimu hizo zina pande mbili, na zote ni muhimu. Upande wa kwanza ni kwamba karibu wote waliofariki walikuwa na ubongo uliovimba. Wataalamu hao walieleza kwamba ubongo unapokosa nafasi husukumwa kuelekea chini, shina lake likabanwa, na mtoto akaacha kupumua. Shina hilohilo ndilo lililokuja kuonekana Heidelberg kuwa mwisho wa safari ya uvimbe kwa panya. Upande wa pili ni wale 39. Walikuwa na ubongo uliovimba kama wenzao lakini hawakufa, na walipopigwa picha tena siku zilizofuata, uvimbe ulikuwa ukipungua. Kwa maneno mengine, hali hiyo si hukumu isiyobatilika. Kuna muda wa hatari ambao mtoto akivushwa, ubongo wake huweza kurejea.

Maswali yaliyobaki mezani

Dawa inayoua vimelea tayari ipo, na Watanzania wana sehemu yao katika kuipata. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwamo. Waliopewa sindano ya atesunati walifariki kwa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Matokeo hayo yaliiondoa kwinini katika nafasi yake ya kwanza katika tiba ya malaria kali. Lakini atesunati haitoi maji yaliyokwisha kuvuja ndani ya fuvu, na ndiyo maana wapo watoto ambao damu yao husafika na bado wanafariki.

Majaribio ya kupunguza uvimbe moja kwa moja yamewahi kufanyika bila mafanikio. Nchini Thailand mwaka 1982, dawa ya deksamethasoni iliongeza muda wa wagonjwa kukaa bila fahamu badala ya kuupunguza. Nchini Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwapa baadhi ya watoto 156 wenye malaria ya ubongo dozi moja ya manitoli, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, na haikuonekana tofauti ya maana kati yao na wenzao.

Kama uvimbe ndio unaoua, kwa nini dawa ya uvimbe isisaidie? Hapa ndipo picha za panya zinaporudi kazini. Ubongo huweza kuvimba kwa njia zaidi ya moja. Maji yanaweza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Seli zenyewe zinaweza kunywa maji na kufura kwa kukosa nishati. Na mishipa inaweza kujaa damu kwa sababu njia ya kutokea imezibwa na chembe zenye vimelea. Kila njia inahitaji tiba yake, na dawa inayofaa moja inaweza isifanye chochote kwa nyingine. Picha zinazofuatilia mwendo wa maji huweza kutenganisha njia ya kwanza na ya pili, kwani maji yaliyo huru kati ya seli hutembea kwa urahisi kuliko yaliyofungwa ndani yake. Mtafiti wa wanyama anaweza kupima hayo kila siku kwa panya yuleyule, akampa dawa, na kuona uvimbe wa aina gani umepungua na upi umebaki. Kwa mtoto mahututi, kumtoa wodini mara kwa mara kumpeleka kwenye mashine ni hatari isiyokubalika.

Watafiti wa Blantyre, kwa upande wao, walipendekeza njia isiyohitaji dawa mpya: kumsaidia mtoto kupumua kwa mashine katika kipindi ambacho shina la ubongo limebanwa, hadi uvimbe upungue wenyewe. Pendekezo hilo ni jepesi kuandikwa, ila linahitaji vitanda vya uangalizi maalumu, oksijeni isiyokatika na wauguzi waliofunzwa, mambo ambayo hospitali nyingi za wilaya katika ukanda wetu bado zinayajenga.

Kwa mzazi, yote haya yanarejea kwenye saa. Picha zinaonyesha kwamba uvimbe huendelea kwa hatua, na mtoto anayefikishwa kituoni kabla shina la ubongo halijabanwa ana nafasi ambayo mwenzake aliyecheleweshwa hana. Dalili za hatari kwa mtoto mwenye homa ni degedege, kusinzia kupita kiasi au kutoamka anapoamshwa, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na kupumua kwa shida. Yeyote mwenye moja ya dalili hizo anapaswa kupelekwa kituo cha huduma za afya mara moja, hata kama ni usiku. Pale ambapo kituo cha karibu hakina uwezo wa kutoa sindano, WHO inaelekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka sita anaweza kupewa dozi moja ya atesunati kwa njia ya haja kubwa na kupewa rufaa papo hapo. Dozi hiyo ni ya kumvusha njiani, wala haimalizi tiba.

Mtoto akiwa katika degedege alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na asinyweshwe dawa ya aina yoyote hadi fahamu zirejee. Anayemsindikiza akumbuke saa degedege ilipoanza na dawa alizokwisha kupewa, zikiwamo za kienyeji, na amweleze mhudumu wa kwanza atakayempokea.